Bunge la Burundi na Sisi wa Kambini

Vijana wengi hapa Muyinga wanauliza: Bunge la Burundi linatuhusu nini, na sisi wakimbizi hatupigi kura? Swali ni zuri, na jibu liko ndani ya historia.

Bunge hilo lina mabaraza mawili. Baraza la Taifa, Warundi wanaliita Inama Nshingamateka, linakaa Kigobe, Bujumbura. Seneti, yaani Inama Nkenguzamateka, iko Gitega, mji uliofanywa makao makuu ya siasa kwa sheria ya mwaka 2019. Sheria inapita kwenye mabaraza hayo, kisha Rais anaitia sahihi.

Sasa tuangalie mwaka 1993. Mwezi wa Juni chama cha FRODEBU kilipata viti 65 kati ya 81. Tarehe 21 Oktoba wanajeshi walimuua Rais Melchior Ndadaye, na pia Pontien Karibwami, Spika wa Bunge. Kwa Katiba, Spika ndiye alitakiwa kushika nafasi ya Rais. Siku moja tu, Rais hayupo na wa kumrithi hayupo. Vita vikaanza, na Warundi kwa malaki wakakimbilia Rwanda, Tanzania na Zaire. Ndiyo maana wenyeji wetu wengi walijua maisha ya kambi kabla yetu.

Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulitafuta dawa, na Katiba ya 2005 ikaiweka kwa hesabu. Baraza la Taifa: Wahutu asilimia 60, Watutsi 40. Seneti: nusu kwa nusu. Watwa watatu kila baraza, na wanawake wasipungue asilimia 30. Nia ilikuwa watu wagombane kwa maneno ndani ya Bunge, bunduki zinyamaze.

Bunge la hesabu hiyo ndilo lilipitisha sheria ya hifadhi ya wakimbizi, ile ya tarehe 13 Novemba 2008. Ndani yake iliwekwa tume ya kuchunguza maombi, na kamati ya rufaa. Aliyekataliwa, ndugu yangu, alipewa haki ya kukata rufaa, sheria hiyo ilisema.

Kwa hiyo watu ambao hatukuwachagua ndio walipanga namna ya kutupokea. Tuisome hiyo sheria. Na ninyi wafanyakazi wa mashirika, tunawaomba: msituletee mabango peke yake, tuleteeni na maandishi yake kwa Kiswahili, mama na wazee nao waelewe.