Kwa nini tovuti nyingine hukaa vizuri kwenye simu na nyingine hazisomeki?

Unafungua tovuti kwenye simu, herufi ni ndogo kama sisimizi, menyu imekatika upande, na ili usome sentensi moja inabidi uvute ukurasa kushoto na kulia. Ukiifungua tovuti hiyohiyo kwenye laptop, iko sawa kabisa. Tatizo si simu yako wala mtandao. Ukurasa huo ulitengenezwa kwa skrini ya aina moja tu.

Dawa yake ipo, na inaitwa dizaini inayojirekebisha: ukurasa mmoja unaojipanga wenyewe kulingana na upana wa skrini au wa dirisha la kivinjari. Hivi ndivyo inavyofanya kazi.

Ilianzaje?

Katikati ya miaka ya 2000, kompyuta nyingi zilikuwa na skrini ya pikseli 1024 kwa 768. Watengenezaji wengi wakazoea kuupa ukurasa upana usiobadilika, mara nyingi pikseli 960, wakamaliza.

Mwaka 2007 ikaja iPhone. Kivinjari chake kilijifanya kina upana wa pikseli 980, kikauchora ukurasa wote, kisha kikaupunguza utoshee kwenye skrini ndogo. Mtu alilazimika kukuza maandishi ili ayasome.

Wenye tovuti wengi wakatengeneza tovuti ya pili kwa ajili ya simu, anwani yake ikianza na herufi m. Ikawa kazi mara mbili: habari ikisahihishwa huku, kule inabaki na makosa.

Tarehe 25 Mei 2010, mbunifu wa Marekani Ethan Marcotte alichapisha makala kwenye jarida la mtandaoni A List Apart, akaipa mbinu hii jina. Hakuvumbua teknolojia mpya. Aliunganisha vitu vitatu vilivyokuwepo tayari. Mwaka uliofuata, gazeti la The Boston Globe likawa miongoni mwa magazeti makubwa ya kwanza kuitumia.

Nguzo tatu

1. Vipimo vya asilimia. Badala ya kusema safu ina pikseli 300, unasema ni sehemu gani ya ukurasa. Safu ya pikseli 300 ndani ya ukurasa wa 960 ni asilimia 31.25. Dirisha likipungua, safu nayo inapungua.

2. Picha zisizozidi nafasi yake. Kwenye CSS, lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa, picha inaambiwa isizidi asilimia 100 ya sehemu iliyomo. Bila hivyo, picha pana inausukuma ukurasa mzima utoke nje ya skrini.

3. Masharti ya upana. Asilimia peke yake hazitoshi. Ile safu ya asilimia 31.25, kwenye simu yenye upana wa pikseli 360, inabaki na pikseli 112 tu. Hapo maneno mawili yakikaa mstari mmoja ni bahati. Kwa hiyo CSS hupewa sharti: skrini ikiwa nyembamba, panga safu moja chini ya nyingine, ikifika upana fulani, ziweke ubavu kwa ubavu. Shirika la viwango vya wavuti, W3C, liliyapitisha masharti haya kuwa kiwango rasmi mwaka 2012.

Siku hizi kazi imekuwa rahisi zaidi. Tangu 2017 vivinjari vikubwa vina mfumo wa gridi ndani ya CSS, na tangu 2023 hata kipande kimoja cha ukurasa kinaweza kujipanga kwa kuangalia nafasi kilichopewa badala ya upana wa skrini nzima.

Mstari mmoja unaosahaulika

Unaweza kufanya yote hayo na bado ukurasa ukatokea mdogo kwenye simu. Sababu ya kawaida ni kukosekana kwa mstari huu kwenye HTML:

`<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`

Mstari huu unaiambia simu iache kujifanya kompyuta na itumie upana wake halisi.

Pikseli nazo huchanganya watu. iPhone 4 ya mwaka 2010 ilikuwa na nukta 640 kwa upana, lakini kwa ukurasa ilihesabika kuwa na pikseli 320, yaani nukta mbili kwa kila pikseli moja. Ndiyo maana simu yenye skrini kali sana bado inahesabiwa kuwa skrini nyembamba.

Anza na simu, kompyuta baadaye

Mwaka 2009 mbunifu Luke Wroblewski alianza kuhimiza kwamba ukurasa upangwe kwanza kwa simu, halafu uongezewe vitu kadiri nafasi inavyopanuka. Skrini ndogo inakulazimisha uamue kipi ni cha muhimu. Ukianza na kompyuta, unajaza kila kitu, kisha unahangaika kupunguza.

Google nayo imeelekea huko. Mwaka 2016 ilitangaza kwamba itaanza kuzipima tovuti kwa kuangalia toleo la simu. Kisichokuwepo kwenye toleo la simu, basi, kinaweza kukosekana hata kwenye matokeo ya utafutaji.

Usipange masharti kwa kufuata majina ya simu, maana matoleo mapya hayaishi. Punguza dirisha taratibu. Pale maandishi yanapoanza kubanana ndipo pa kuweka sharti.

Bando la msomaji

Hapa ndipo tovuti nyingi zinakosea bila kujua. Picha ya MB 2 ikionekana ndogo kwenye simu, bado MB 2 zote zimeshuka. Ukurasa wenye picha tano za aina hiyo unakula MB 10 kabla msomaji hajasoma aya ya pili.

Suluhisho ni kuandaa picha moja kwa ukubwa tofauti, kisha kutumia sifa ya HTML iitwayo srcset. Kivinjari chenyewe kinachagua inayofaa, na cha simu ndogo kinaweza kuchukua picha nyepesi.

Vidole na macho

Kidole si kishale cha kompyuta. Apple inashauri kitufe kiwe na angalau pointi 44 kila upande. Google inashauri vipimo 48, kama milimita 9 hivi. Viungo vikibanana, mtu atabonyeza asichokusudia.

Kiwango cha kimataifa cha ufikivu, WCAG 2.1 cha mwaka 2018, kinataka maandishi yasomeke kwenye upana wa pikseli 320 bila kuskroli pande mbili. Ramani na majedwali makubwa vina ruhusa maalumu. Pia usimzuie mtu kukuza ukurasa kwa vidole. Mwenye uoni hafifu anategemea hilo.

Pima mwenyewe

- Kwenye kompyuta, fungua tovuti na uvute ukingo wa dirisha hadi liwe jembamba. Ikitokea skroli ya upande, kuna kitu kimezidi.
- Kwenye simu, geuza skrini ilale, kisha uisimamishe tena.
- Ongeza ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio ya simu.
- Jaza fomu yote hadi mwisho. Kibodi ikifunguka, je, kitufe cha kutuma bado unakifikia?

Jaribio hilo la mwisho ndilo zito. Makala isiyosomeka vizuri inamuudhi mtu, anaondoka. Lakini fomu ya maombi ya kazi au ya chuo ambayo kitufe chake kimejificha nje ya skrini inamwacha nje mwombaji ambaye simu ndiyo kompyuta yake pekee, hata kama sifa zote anazo.