Ujumbe taka

ujumbe taka *nm* [u-] ujumbe wa simu, wa barua pepe au wa kundi la mazungumzo unaosambazwa kwa watu wengi ambao hawakuuomba, aghalabu kwa nia ya kutangaza biashara. Kwa barua pepe husemwa pia *barua taka*.

Muundo ni ule wa *maji taka*: nomino mbili hukaa sambamba bila kiunganishi, na upatanisho hufuata ya kwanza (*ujumbe taka umefutwa*, *barua taka zimefutwa*). *Taka* hapa ni uchafu, si kitenzi *-taka*. Mwanafunzi asidhani ni ujumbe unaotakwa, kwani ni kinyume chake kabisa. Katika tafsiri za kisheria *ujumbe usioombwa* ni bora zaidi, maana kifungu cha 20 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 kinahusu ujumbe ambao mpokeaji hakuuomba, uwe mchafu au msafi.

Wingi *jumbe taka* umeenea, wala si kosa. Hata hivyo, katika maeneo kama Korogwe na Handeni, ambako enzi za Wajerumani *jumbe* (wingi *majumbe*) alikuwa kiongozi wa kijiji chini ya akida, msomaji mzee aweza kumwona mtu ndani ya neno hilo, tena mtu mchafu. Maandishi rasmi hayapungukiwi kitu kwa kubaki na umoja.

Taka na utapeli. Maneno haya hayabadilishani nafasi. Chukua ujumbe uliozoeleka Tanzania: «Ile hela tuma kwenye namba hii.» Hauna salamu wala jina, na nguvu yake yote imo katika kiashiria *ile*, kinachorejelea jambo ambalo pande mbili zinalijua tayari. Mtumaji halijui. Anategemea kwamba miongoni mwa wengi wanaoupokea yupo mwenye ahadi ya malipo, kama mchuuzi wa mahindi sokoni Korogwe anayedaiwa nauli ya mzigo, na huyo atalijaza pengo mwenyewe. Mara nyingi huongezwa «jina litakuja» na jina geni, kwa kuwa huduma za fedha za simu humwonyesha mtu jina la mpokeaji kabla hajathibitisha. Shaka huzimwa kabla haijazaliwa.

Huo ni *ujumbe wa kitapeli*, na mfasiri anayeuita taka anaupunguzia uzito. Taka hufutwa tu. Utapeli huripotiwa: Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imetangaza namba 15040 kwa ajili hiyo. Msimamizi wa kundi (mazungumzoni *admini*) akiandika «futeni hiyo taka», wanachama watatii, na namba ya tapeli itabaki hewani ikitafuta kundi jingine.

Vitenzi vinavyoandamana na istilahi hizi ni *-futa* (ujumbe), *-zuia* (namba), *-ondoa* (mtu kundini) na *-ripoti*. *Kumfuta mtu* kwa maana ya kumwondoa kundini ni usemi wa mitaani, usiofaa katika kanuni za kundi zilizoandikwa.

*Msimamizi alizuia namba tatu zilizokuwa zikileta ujumbe taka kundini.*

*Aliupokea ujumbe wa kitapeli siku ileile aliyopaswa kulipa ada ya mwanawe, akatuma.*