Njia Iliyopitwa na Ugonjwa

Filamu ya Contagion ya mwaka 2011, iliyoongozwa na Steven Soderbergh, inaanza kwa kikohozi gizani, kisha yanatokea maandishi: siku ya pili. Siku ya kwanza imefichwa mpaka mwisho. Mwanamke ameketi baa ya uwanja wa ndege, bakuli la karanga mbele yake. Anatoa kadi yake ya benki, mhudumu anaipokea, anabonyeza mashine kwa vidole vilevile. Hakuna anayepiga kelele, ila mtazamaji tayari anaitazama ile kadi kama bunduki. Husemwa kuwa filamu hii inatisha kwa sababu ya vifo. Sidhani. Vifo vimejaa pia katika Outbreak ya 1995, lakini humo mambo yanamalizwa kwa helikopta na tishio la bomu. Contagion inashika kwa swali la mpelelezi: nani alimgusa nani, wapi, lini? Swali hilo ni kongwe kuliko sinema yenyewe, na pwani yetu ililiuliza mapema.

Mwishoni mwa 1869 kipindupindu kiliingia Unguja. Mji wa bandari, unaoishi kwa pepo za kaskazi na kusi, una kila sababu ya kushuku vyombo vya baharini. James Christie, daktari aliyemhudumia Sultani, hakuridhika na dhana hiyo. Aliwahoji wafanyabiashara na wasafiri, akayaunganisha masimulizi yao kituo baada ya kituo, akaonyesha kwamba safari hii ugonjwa ulitoka bara: kutoka upande wa Uhabeshi, kupitia nchi ya Wamasai, ukashuka na njia za misafara hadi Pangani, ndipo ukavuka maji. Kitabu chake kilichapishwa London mwaka 1876, miaka minane kabla Robert Koch hajatangaza kimelea cha kipindupindu. Christie hakuwa na maabara ya kumthibitishia. Alikuwa na tarehe, majina ya mahali na subira ya kuuliza, na kwa hivyo tu akaipata njia.

Mtu anaweza kusema ramani ya njia hiyo haikumponya hata mgonjwa mmoja. Kweli, ila haikuwa dawa. Ilikuwa maarifa ya mlango wa kuchunga safari ijayo. Pingamizi zito ni jingine: anayefuata njia ya ugonjwa huishia kumnyooshea kidole msafiri. Baada ya kipindupindu kuzuka Makka mwaka 1865, mkutano wa afya wa Istanbul wa 1866 uliwaelekezea macho mahujaji, na mpagazi au mchuuzi hakuwa na wakili kikaoni. Contagion nayo ingeweza kumwangushia lawama yule mwanamke aliyetoka Hong Kong, tena aliyekuwa na siri ya mapenzi nje ya ndoa. Kwa sehemu kubwa ya filamu inakaribia kufanya hivyo. Lakini upelelezi ukikatizwa kwa msafiri umeachwa nusu. Siku ya kwanza inapofunuliwa hatimaye, tunaona tingatinga likiangusha miti, popo akihama na kudondosha kipande cha ndizi katika banda la nguruwe, kisha mpishi aliyemshika nguruwe wa humo akifuta mikono kwenye aproni na kumpa yule mwanamke mkono. Na ubavuni mwa tingatinga lile pameandikwa jina la kampuni iliyomwajiri mwanamke huyo.