Kijiji kinapoungua, hadithi inamfuata nani?

Jamani, mabishano ya anime kwenye kundi letu hayaishi. Huyu Naruto, yule One Piece, mwingine hataki kusikia kitu zaidi ya gemu za zamani za safari na hadithi, zile zinazoitwa RPG. Leo tunaleta historia kidogo pamoja na maoni yetu sisi mashabiki. Tumegundua kwamba hadithi nyingi za aina hii zinaanza na nyumba inayoungua au mji unaovamiwa. Sisi tunayajua hayo bila kufundishwa. Swali letu ni hili: moto ukishazimika, hadithi inamfuata nani?

Tuanze na Nagato, maana karibu wote mnamjua. Masashi Kishimoto alianza kuchora Naruto mwaka 1999 na kumaliza 2014. Nagato anatoka Amegakure, katika nchi ndogo iliyobanwa katikati ya nchi kubwa. Wakubwa wanakuja kupigana pale, kisha wanarudi kwao. Wazazi wake waliuawa na askari wa Konoha, kijiji kilekile cha Naruto tunayemshangilia. Kwa sisi wa mashariki ya Kongo, hapo hakuna haja ya maelezo.

Tunampenda Nagato, lakini tuna malalamiko. Uchungu wake umetumika zaidi kueleza kwa nini alikuwa mtu hatari. Na akishakufa, hadithi inarudi Konoha. Wale watu wengine wa Amegakure, waliofiwa kama yeye lakini wakaendelea kupika, kulima na kulea watoto, hatuwaoni. Kijana aliyekimbia vita anabaki na nafasi mbili tu: awe wa kuhurumiwa au awe wa kuogopwa. Hata nje ya anime tunaangaliwa hivyo, si ndio?

Sasa, haya mambo ya kijiji kuungua yametoka wapi? Sehemu kubwa yametoka kwa watu waliokuwa watoto wakati wa vita. Isao Takahata alikuwa na miaka 9 ndege zilipoupiga mji wa Okayama kwa mabomu, Juni 1945. Alikimbia usiku na dada yake, wakapotezana na familia. Mwaka 1988 akatengeneza Hotaru no Haka, yaani Kaburi la Vimulimuli, filamu ya watoto wawili wanaokufa njaa wakati wa vita. Keiji Nakazawa alikuwa na miaka 6 bomu la atomiki lilipoanguka Hiroshima na kumuua baba, dada na mdogo wake. Kuanzia 1973 alichora Hadashi no Gen kutokana na aliyoyaona.

Anayetugusa zaidi ni Tetsuya Chiba, mchoraji wa Ashita no Joe, ile hadithi maarufu ya bondia. Alikulia Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, eneo ambalo Japani ililivamia mwaka 1931. Japani iliposhindwa mwaka 1945, familia yake ikabaki haina pa kwenda. Aliyewaficha alikuwa Mchina, rafiki wa baba yake. Aliwaweka kwenye chumba cha juu chini ya paa. Watoto hawakuweza kutoka nje, basi Tetsuya akawa anawachorea wadogo zake picha na kuwatungia hadithi ili watulie. Mwaka 1946 wakafika Japani. Watu zaidi ya milioni 6, askari na raia, walirudishwa Japani namna hiyo kutoka nchi za nje baada ya vita.

Angalieni vizuri: mtoto wa nchi iliyovamia aliokolewa na mtu wa nchi iliyovamiwa. Na kazi yake ya uchoraji haikuanza kwa hasira ya kulipa kisasi. Ilianza kwa sababu wadogo zake walikuwa wanalia ndani.

Tuje kwenye gemu. Dragon Quest ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1986. Mwandishi ni Yuji Horii, na michoro ni ya Akira Toriyama, baba wa Dragon Ball. Gemu nzima ilikuwa kilobaiti 64, yaani picha moja ya simu yako inaizidi. Kwenye nafasi ndogo vile, hadithi ilikuwa shujaa mmoja, binti mfalme mmoja na adui mmoja. Mwaka 1988 ikaja Final Fantasy II: vijana wanne wanakimbia mji wao baada ya dola kubwa kuuvamia na kuua wazazi wao. Kidogo kidogo mji kuungua ukawa njia ya mkato. Choma kijiji, mpe kijana upanga, safari ianze. Waliokufa pale wanasahaulika kabla hujamaliza pango la kwanza.

Ndiyo maana sisi tunaiheshimu sana Dragon Quest IV ya mwaka 1990. Ndani yake pia kuna kijiji kinachoteketezwa na shujaa mteule anayebaki peke yake. Lakini Horii hakuanza na yeye. Kwanza anakupa sura nne za watu wengine: askari anayetafuta watoto waliopotea, binti mfalme aliyetoroka nyumbani, mfanyabiashara, na dada wawili waliofiwa baba. Mfanyabiashara huyo ni Torneko. Ana mke na mtoto, anauza silaha kwenye duka la mtu mwingine kwa ujira wa siku, na ndoto yake ni duka lake mwenyewe. Asubuhi mke wake anamfungia chakula. Hakuna aliyemchagua, hana damu ya kifalme. Mteule anapofika katika sura ya tano, anawakuta watu ambao tayari wana maisha yao, na bila wao hafiki popote.

Halafu kuna Suikoden ya mwaka 1995, iliyoandikwa na Yoshitaka Murayama akifuata riwaya ya kale ya Kichina yenye waasi 108. Mnakimbilia ngome iliyoachwa ziwani, tupu kabisa. Kazi yako ni kutafuta watu. Akija mpishi, pana jiko. Akija mhunzi, pana karakana. Akija fundi mwenye akili zake, mnapata lifti. Ngome inakua kwa sababu ya watu, mmoja mmoja, mpaka inakuwa mji. Aliyewahi kuona kambi ikianza na mahema, kisha ikapata kinyozi, fundi cherehani na mama wa maandazi, anaielewa gemu hii haraka sana.

Maoni yetu basi ni haya. Hadithi nzuri ya waliokimbia haimalizi watu wote kwa ajili ya mteule mmoja. Inaonyesha maisha kabla ya moto, na inawapa nafasi wale ambao hawana upanga.

Kwa dada na kaka zetu wa mashirika: mnapokuja kuchukua simulizi zetu, mara nyingi swali la kwanza ni usiku ule tuliokimbia. Tunawaelewa, fomu ndivyo zilivyo. Lakini tuulizeni pia baba alikuwa anauza nini, na jirani alikuwa nani. Zile ni sura zetu nne za mwanzo.

Na sisi wenyewe, wapendwa, tusisubiri kuulizwa. Mwezi huu kila mmoja aandike ukurasa mmoja kuhusu mtu mmoja hapa kambini ambaye hakuchaguliwa kwa lolote, lakini bila yeye maisha yetu yangekuwa magumu zaidi. Anayejua kuchora, achore. Tukifika 108 tutavifanya kitabu.