Nani Aliamua Kuwa Hili ni Kosa?

Mfalme Alfred wa Wessex, katika karne ya 9, alikanusha mara mbili ndani ya sentensi moja na Kiingereza chake kikabaki safi. Mshairi Chaucer alifanya vivyo hivyo katika karne ya 14, na Shakespeare baada yake. Leo mwanafunzi akiandika "I didn't see nobody", kalamu nyekundu inamsubiri.

Shule za Uingereza zilianza kwa kufundisha sarufi ya Kilatini. William Bullokar alipochapisha kitabu cha kwanza cha sarufi ya Kiingereza, mwaka 1586, kielelezo chake kilikuwa Kilatini hichohicho. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimlaumu mwandishi wa tamthilia Ben Jonson, aliyekwisha kufariki, kwa kumalizia sentensi na kihusishi. Kisha akakichukua kitabu chake mwenyewe cha 1668, na katika toleo la 1684 akazipangua sentensi zake za namna hiyo moja baada ya nyingine. Nadhani hapo ndipo hofu ilipoanzia: mwandishi hodari kuikimbia lugha aliyonyonya kwa mama yake.

Askofu Robert Lowth alitoa sarufi yake mwaka 1762, naye Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia York, akaandika ya kwake mwaka 1795 kwa ajili ya shule ya wasichana. Vitabu hivyo vilishikilia kuwa kukanusha mara mbili ni kukubali, kana kwamba watu huzungumza kwa hesabu. Kupitia shule za kikoloni, sheria za aina hiyo zilifika hadi kwetu.

Makosa ya kweli yapo. Kiingereza cha kale kilimtambulisha mtenda na mtendwa kwa miisho ya nomino, hivyo maneno yaliweza kuhamahama. Miisho hiyo ilipopotea, mpangilio ukachukua kazi yake. Ndiyo maana hakuna aliyekulia katika Kiingereza atakayesema "Man the dog bit the", na hakuhitaji askofu kumkataza. Mwaka 1957 mwanaisimu Noam Chomsky alionyesha kwamba hata sentensi isiyo na maana yoyote, mzawa huitambua kuwa imepangwa sawasawa.

Miaka ya 1960 mwanaisimu William Labov aliwasikiliza vijana weusi wa Harlem, New York, akakuta ukanushaji wao wa mara mbili una kanuni thabiti. Mwaka 1979, katika kesi ya watoto weusi wa Ann Arbor, Michigan, Jaji Charles Joiner aliamuru mamlaka ya shule iwaandae walimu kuitambua lugha ya nyumbani ya watoto hao, na kuizingatia wanapowafundisha kusoma Kiingereza sanifu.