Baada ya upasuaji wa kizazi, choo kisiwe kigumu

Mwanamke aliyetolewa kizazi, aliyerekebishwa kizazi kilichoshuka au aliyezibwa fistula huogopa sana haja kubwa ya kwanza. Anahofia nyuzi zitakatika. Basi anapunguza chakula, anapunguza maji, na haja ikija anaibana. Hapo ndipo anapojiumiza. Choo kinachokaa tumboni hukauka na kuwa kigumu, na kukisukuma kwa nguvu ndiko kunakovuta mshono.

Dawa za usingizi na kulala kitandani hupunguza mwendo wa utumbo, kwa hiyo siku mbili tatu bila choo si ajabu. Dawa kali za maumivu kama tramadoli, kodini na mofini hufunga choo zaidi, na vidonge vya kuongeza damu vivyo hivyo. Usiviache mwenyewe. Muulize muuguzi kuhusu dawa ya kulainisha choo, kama laktulosi, na uulize mapema, maana huchukua siku moja hadi mbili kufanya kazi.

Ukiruhusiwa kula, anza na maji: lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, isipokuwa daktari amekupangia vingine. Kula papai, parachichi, mchicha, na ugali wa dona badala ya sembe, kwa sababu pumba husaidia choo kisogee. Pumba bila maji, hata hivyo, huzidisha tatizo. Maharage yaanze kidogo kidogo. Gesi tumboni huuma mno penye mshono.

Haja ikija, nenda. Mara nyingi huja asubuhi baada ya uji. Ukitumia choo cha kukaa, weka miguu juu ya kigoda, inama mbele, pumua kwa mdomo, usibane pumzi. Cha kuchuchumaa hakina ubaya kama daktari hajakukataza, ila shika kitu imara.

Tunawaambia na waume: ndoo ya lita 20 asiibebe kwa wiki 6 hivi, au hadi daktari aruhusu. Mchotee, maana anayehesabu vikombe hanywi vya kutosha.

Usiingize bomba wala dawa yoyote njia ya haja kubwa bila idhini ya aliyekupasua. Tumbo likivimba, ukitapika, ukishindwa hata kutoa hewa, au ukipata homa au damu nyingi ukeni, rudi hospitali siku hiyo hiyo.