Alama za Usemi: Kutoka Hati za Kiarabu hadi Kurasa za Wavuti

Washairi wa pwani waliotunga kwa hati ya Kiarabu hawakuwa na alama za usemi, wala hawakuzihitaji. Katika Utendi wa Tambuka, ambao kwa desturi hutajwa kuwa wa mwaka 1728, msemaji hutambulishwa kwa kitenzi: akamba, akanena, akamwambia. Shina -amba, lililokuwa na maana ya kusema, ndilo lililozaa neno kwamba, ambalo hadi leo hufungulia maneno ya mtu mwingine mlango. Chapa za Kizungu zilileta alama, lakini hazikuzilazimisha mara moja. Biblia ya Union Version ya 1952 ilitenga usemi kwa mkato na herufi kubwa tu.

Na huko Ulaya kwenyewe umbo halikuwa moja. Wafaransa hutumia « », Wajerumani huanzia chini ya mstari, „ “, na Waingereza huziweka zote juu.

Tofauti hizi zilipaswa kutatuliwa pale ukurasa mmoja ulipoanza kusomwa ulimwenguni kote. HTML 4.0, ya Desemba 1997, iliweka elementi q na kukiachia kivinjari kazi ya kutia alama. CSS2, ya Mei 1998, ikaongeza sifa iitwayo quotes, ambayo kwayo huchaguliwa jozi ya nje na ya ndani kwa kila lugha. Mpango ulikuwa wa busara. Utekelezaji ndio uliouangusha. Internet Explorer haikutia alama hizo hadi toleo la 8, mwaka 2009. Kwa muda wote huo, aliyeiamini elementi ile aliwaacha wasomaji wengi bila mpaka kati ya maneno yake na ya aliyemnukuu. Haishangazi kwamba wengi walirudia alama zilizonyooka za taipureta.

Kwa wanaisimu liko tatizo zito zaidi. Alama inayozalishwa na mtindo haimo katika matini yenyewe. Mtafiti achotaye maneno ya ukurasa ili kujenga kopasi aweza kuyapata bila alama hata moja. Na ikiwa mwandishi, kwa kuiga mtindo wa riwaya za Kiingereza, ameacha pia kitenzi cha kusema, mazungumzo ya watu wawili huwa ya mmoja. Ubeti wa Tambuka, ukichotwa vivyo hivyo, hubaki na akamwambia yake.